Mtani Hakasiriki

Juzi nilipita Bombani nikakuta wamesimamisha kibao kipya. Kimepakwa rangi ya kijani, maandishi meupe, na juu kabisa wameandika kwa herufi kubwa: HISTORIA YA BUSTANI. Nikasimama kwenye jua, miwani puani, nikakisoma chote. Kinasema bustani ilianzishwa na Wajerumani mahali palipokuwa pori tupu, ikaendelezwa na Waingereza walioleta bomba na kujenga kibanda cha bendi, na baada ya Uhuru ikafunguliwa kwa wananchi wote. Halafu kinataja huduma: viti vya kupumzikia, bembea za watoto, choo cha kulipia, mahali pa kupigia picha za harusi. Mwisho kinatuomba tusitupe taka ovyo.

Nilitamani kukitemea mate. Mimi ni mwanamke mzima mwenye wajukuu, nimelelewa, kwa hiyo mate nikayameza. Lakini tangu siku ile silali vizuri. Pori tupu! Aliyeandika maneno hayo hakumuuliza mtu hata mmoja wa mji huu, na kama aliuliza, basi alisikia akaamua kupuuza.

Kwanza jina. Bustani ile ina jina la ofisini, limebadilishwa kila zilipobadilika bendera, na hakuna Mtabora anayelitumia. Sisi tunasema Bombani, kwa sababu ya lile bomba la chuma lililokuwa katikati, lenye mkono wa shaba. Na kabla ya bomba, bibi yangu mzaa baba aliniambia, pale palikuwa Kambini. Kambi ya nani? Ya wapagazi. Misafara ya pembe ilipotoka huko Ujiji kwenda Bagamoyo ilipumzika Tabora, na waliokuwa wakibeba hizo pembe mabegani miezi na miezi walikuwa Wanyamwezi, watu wetu. Walipika pale, walilala pale, waliugua pale. Na waliokufa walizikwa pembeni mwa kambi, harakaharaka, kwa sababu wenzao walikuwa na safari.

Mmoja wao alikuwa baba yake Bibi. Alirudi kutoka Pwani na ndui. Wenzake wakamzuia asiingie mjini, wakamlaza kambini, na mkewe akaenda kumwona kwa mbali, amemshika mkono binti yake mdogo. Binti huyo ndiye Bibi. Alimsikia baba yake akiomba maji. Aliponyanyua mguu kumkimbilia, mama yake akamkaza mkono hadi ukauma. Mgonjwa alinyweshwa na mwenzake aliyekwisha kuugua ndui zamani akapona, lakini hilo Bibi aliambiwa baadaye. Yeye masikioni alibaki na ile sauti tu. Baba akafa, akazikwa katika shimo lisilofika hata kiunoni, yakawekwa mawe matatu, na karibu yake palikuwa na mche wa mkwaju.

Sasa, mtu akikuambia palikuwa pori tupu, utamjibu nini?

Wajerumani wakaja na reli, misafara ikafa. Wakafyeka kambi, wakayatoa mawe, wakazungusha seng'enge. Mkwaju waliuacha kwa sababu ulikuwa umekua na kivuli chake kizuri. Waingereza wakaja, wakaweka kiti cha mbao za mninga kuuzunguka mti ule, wake zao wakawa wanakaa hapo jioni kusikiliza bendi ya askari. Mtu mweusi aliruhusiwa kuingia akiwa na mkasi wa kukatia maua au akisukuma kigari cha mtoto wa Mzungu. Bibi hakuwa na mkasi wala kigari. Kila Alhamisi baada ya alasiri alikwenda na kopo la maji, akasimama nje ya seng'enge upande wa mkwaju, akasoma Fatiha, akayamwaga maji yale chini, yatiririke yatakakofika. Hayakufika. Udongo wa Tabora unakunywa maji hata hujafumba jicho. Alifanya hivyo tangu usichana wake mpaka akawa bibi, na hakuna aliyemwuliza anamwagia nini.

Uhuru ulipokuja nilikuwa mtoto, lakini siku ile lango na seng'enge vilipong'olewa naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Watu walimiminika ndani wakipiga vigelegele, watoto tukaparamia bembea mpaka moja ikakatika. Bibi hakuimba wala hakucheza. Alivua kandambili langoni akaingia pekupeku, akaenda bombani, akasukuma ule mkono wa shaba, akajaza kopo lake. Alilibeba mpaka kwenye mkwaju. Mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti akamwambia, "Bibi, huko utalowanisha watu." Bibi akamjibu, "Sogea mwanangu, kuna mtu ana kiu hapa." Akamwaga. Nilimwona akitabasamu peke yake njia nzima tuliporudi nyumbani.

Miaka iliyofuata Bombani ilikuwa yetu kweli. Sikukuu ya Idi baba yangu, fundi cherehani, alikesha akimaliza kanzu za watu, na asubuhi kanzu zile zote ungezikuta Bombani zimepanga foleni kwa mpiga picha. Wasafiri walioshuka na treni kutoka Kigwa na vikapu vyao vya karanga walipumzika pale kabla ya kwenda sokoni. Wanafunzi walisomea pale. Na kila Alhamisi Bibi alipita na kopo lake, watu wakimsalimia shikamoo naye akiitikia marahaba kulia na kushoto kama mwenye shamba. Nchi ilikuwa imempa kitu kimoja tu alichokitaka. Hakuomba kingine.

Kisha ikaja njaa, na pamoja nayo kilimo cha kufa na kupona.

Siitukani siasa ile, na asinishike mtu mdomo. Mvua zilikata, watu walikuwa na njaa kweli, na kulima ni heshima. Nilikuwa kijana, nimerithi cherehani ya baba, na mimi pia nilikwenda na jembe langu kwenye shamba la tawi la chama huko Ipuli, na mihogo yake tukaila kwa furaha. Ninachotukana ni upumbavu uliovaa nguo za siasa. Agizo lilikuja kwamba kila shule, kila ofisi, kila tawi liwe na bustani. Sasa Kiswahili chetu hiki, bustani ni ya mchicha na bustani ni ya maua, neno ni hilohilo. Afisa aliyekuwa akisimamia mji akatazama huku na huku akitafuta bustani ya kulima, akasema: si ile pale? Imekaa miaka yote hii haitoi hata kisamvu!

Mabonde yalikuwapo. Viwanja vya kando ya reli vilikuwapo, vimejaa nyasi. Lakini Bombani ilikuwa mbele ya ofisi, mgeni kutoka Dar angeiona akiwa bado ndani ya gari.

Bibi aliposikia alivaa baibui lake la kutokea, akaniambia, "Twende ukanishike mkono." Alikuwa ameshapinda, anatembea na fimbo. Tukakaa kwenye benchi la nje ya ofisi mpaka tukaitwa. Njia nzima alikuwa akilipanga neno lake, nilimsikia akilirudiarudia: pana kaburi la baba yangu, naomba mlime kwingine, au basi muache ule mkwaju na hatua chache kuuzunguka. Neno zuri, fupi, la adabu.

Afisa alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mcheshi. Alisimama kumpokea mzee, nampa haki yake. "Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi wewe mwenyeji wa hapahapa? Kabila gani?"

"Mnyamwezi, baba."

Yule bwana akapiga meza kwa kiganja. "Aaa! Mtani wangu! Mimi Mzaramo! Njooni, njooni mwone, mzigo umejileta wenyewe leo!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na asiyejua utani wetu hataelewa kwa nini. Wapagazi wa Kinyamwezi walipofika Pwani walifika katika nchi ya Wazaramo. Walikorofishana, wakapatana, wakaoana na kuzikana, na kutokana na hayo ukaja utani. Mtani wako anaweza kukuita jina lolote, anaweza kuchukua kofia yako kichwani akaondoka nayo, na wewe unamrudishia vivyo hivyo. Sheria ni moja: mtani hakasiriki. Ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako wote. Ni desturi nzuri, imezuia vita vingi. Mimi nimeipenda maisha yangu yote, isipokuwa siku ile.

Makarani wakajaa mlangoni. Bibi akasema neno lake alilolipanga. Alilisema lote, polepole, macho chini. Afisa akamsikiliza akitikisa kichwa, halafu akawageukia wenzake.

"Mnamsikia mtani? Baba yake alikuwa mpagazi. Mnyamwezi akikosa mzigo, si hubeba hata jiwe? Sasa mtu aliyebeba mapembe mpaka Bagamoyo, bibi, mihogo kidogo juu yake itamlemea?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nilifungua mdomo, na Bibi akaniminya kidole. Nilimtazama usoni nikaona anachokifanya: anatabasamu. Alikuwa amezaliwa ndani ya utani, amezika watu ndani ya utani, na ulimi wake ulijibu kabla moyo haujauzuia.

"Limeni basi, nyie Wazaramo," alisema. "Nazi zenu zikigoma kudondoka mtakula nini? Limeni, mle, mnenepe, mje mmshukuru baba yangu."

Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi. Afisa akampa mkono, akamtoa mpaka mlangoni kwa heshima zote, akawaambia makarani, "Mmesikia? Mtani ametoa ruhusa."

Na ruhusa ile ilikuwa ruhusa kweli! Kesho yake nilirudi peke yangu, nikamwambia afisa kwamba ombi la bibi yangu halikuwa utani, kaburi ni kaburi. Akaniangalia kama mtoto asiyefunzwa. "Dada, bibi yako mwenyewe kasema tulime. Au unataka kumfanya mzee mwongo?" Nikamwambia jibu lile ndilo lilikuwa utani. Akasema, "Basi na kaburi ni utani." Nimekutana na watu wakatili maishani. Wengi wao walikuwa na sura mbaya, ukiwaona unajihadhari. Huyu alikuwa akitabasamu na meno yake mazuri, na ndiyo maana mpaka leo sijamsamehe.

Wakalima. Viti vyote, hata kile cha mninga, viling'olewa, na vingine nilikuja kuviona kwenye baraza za nyumba za wakubwa. Bembea zililala nyuma ya ghala. Mkwaju ukakatwa kwa sababu ulikuwa unaitia mihogo kivuli. Bomba likafungwa, wakasema watoto wanachezea maji. Yakainuliwa matuta kutoka kibanda cha bendi mpaka barabarani, na seng'enge ikarudi. Ilizungushwa pale palepale pa zamani, safari hii na watu wetu wenyewe, na mgambo akawekwa langoni kuzuia wezi wa mihogo.

Bibi akarudi nje ya seng'enge. Alhamisi, kopo, Fatiha, maji chini. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniua. Nilimwambia, "Bibi, kasirika basi hata kidogo." Akasema, "Nimkasirikie nani? Mtani hakasiriki. Nilijibu mwenyewe." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, nikarudi kushona.

Mihogo ya Bombani ilistawi, tena sana. Mavuno ya kwanza yalipelekwa ofisini, yakagawanywa huko kwa wanaojuana. Ilikuwa katika mavuno ya pili ambapo watu wa zamu waling'oa shina moja karibu na kisiki cha mkwaju, likagoma, wakavuta kwa pamoja, likatoka na mfupa. Mzizi wa muhogo ulikuwa umepita katikati ya mbavu ukanenepea humo. Wakachimba kidogo pembeni, wakaona fuvu. Halafu fuvu la pili.

Habari zilitufikia kabla ya adhuhuri. Tulipofika, watu walikuwa wamejaa seng'enge nzima, wengine wakitema mate chini, maana si wachache walioila ile mihogo. Mgambo akasema ameagizwa mifupa ikusanywe na udongo wake, ipakiwe kwenye toroli, ikatupwe huko nje ya mji, watu wasije wakapata hofu wakaacha kulima. Shekhe wa msikiti wetu alikuwapo. Akamwuliza Bibi kwa upole, "Bibi, una hakika ni baba yako? Mafuvu ni mawili."

"Sina hakika," alisema Bibi. "Huenda ni wengine, watu wao hawayajui makaburi yao au wameyasahau. Wote walibeba." Kisha akanigeukia. "Mjukuu wangu, mtume mtu ofisini. Amwambie mtani wangu kwamba nimefiwa."

Watu wazima waliosimama pale wakatazamana, kwa sababu walielewa mara moja. Utani una upande wa pili, ambao bwana yule alijifanya kuusahau. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kwanza. Mtani ndiye anayeshika jembe, anayebeba, anayeingia kaburini. Anatania huku akizika, ili wafiwa wapumue. Hawezi kukataa. Mzaramo aliyeitwa msibani na Mnyamwezi akakataa kwenda, kwao hawatampokea na habari hizo.

Nyumbani nilikuwa na kitambaa cheupe nilichokiweka kwa ajili ya kanzu ya mteja, na enzi zile nguo ilikuwa haionekani madukani. Nilikikata bila kufikiri. Shekhe na wazee wakaiosha ile mifupa, wakaifunga yote pamoja, kwa kuwa haikuwezekana kuitenganisha, na wakaisalia pale pale kando ya matuta.

Afisa akaja. Alikuja kwa miguu, gari ameliacha, shati la mikono mifupi limelowa jasho. Nadhani alikuja akitumaini kuyamaliza kwa maneno mawili matatu ya mzaha. Bibi alikuwa amesimama kando ya ule mzigo mweupe. Hakumsalimia. Alionyesha kwa fimbo.

"Beba," alisema.

Shekhe alitaka kusema jambo, jeneza la msikiti lilikuwa karibu. Bibi akasema hapana, hawa hawakujua jeneza, wapagazi hubebwa na mtu. Yule bwana akatazama watu, watu wakamtazama. Akainama, akauinua, akauweka begani.

Tukatembea nyuma yake mpaka makaburini, chini ya ile miembe ya barabarani, mji mzima ukishuhudia. Hakuwa amezoea. Alibadilisha bega mara kadhaa, na kila alipotaka kupumzika Bibi alisimama naye, akangoja mpaka akainua tena. Alichimba mwenyewe, ingawa vijana walitaka kumsaidia, na hili shimo lilipita kiuno. Akaingia, akapokea, akalaza, akatoka na udongo mpaka kwenye nyusi. Tukafukia. Shekhe akamaliza dua.

Kisha kukawa na ule ukimya ambao msibani kwetu ni wa mtani kuuvunja. Wote tulikuwa tunangoja. Bibi alimwaga maji ya kopo lake juu ya udongo mpya, yote, akalitikisa kopo mpaka tone la mwisho. Akamgeukia.

"Mbona kimya, mtani? Siku ile ofisini maneno yalikuwa mengi."

Bwana yule alijipangusa udongo kwenye nyusi.

"Nisamehe, bibi," alisema. "Nilidhani tunataniana."

"Na mimi nilidhani hivyo," alisema Bibi. "Kwa hiyo sikukasirika. Nilingoja." Alinishika mkono tuondoke, kisha akasimama tena, akamwangalia vizuri kutoka miguuni hadi usoni. "Leo hatutaniani. Leo nimekasirika."